Wasindikizaji Wawili, Mgonjwa Hayupo

Melkiadi wa Mabamba aliwahi kuingiza mkono mtupu ndani ya mzinga wa nyuki wakali, akautoa umejaa masega, akacheka. Aliwahi kukutana na chatu njiani akitoka kuuza maharage, akampisha kwa heshima, kisha akaendelea na mluzi wake pale alipoukatizia. Katika miaka yake sitini na mitatu, watu wote walimjua kuwa mwanamume asiyetishika. Kwa hiyo hakuna aliyefahamu, isipokuwa yeye na Mungu wake, kwamba kwa mwaka mzima sasa alikuwa akikiogopa kidole.

Kidole chenyewe hakuwahi kukiona. Alikisikia kilabuni, siku ambayo mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kibondo mjini alieleza namna madaktari wanavyopima tezi dume. Bwana yule alieleza kwa maneno na kwa mikono, na kila alipoongezewa kikombe cha pombe ya ndizi, kidole nacho kiliongezeka urefu. Alipomaliza, wazee wote waliokuwamo kilabuni walikuwa wamekaa wima, migongo imebana ukuta.

Nyuma ya kidole kile, hata hivyo, kulikuwa na jambo lisilochekesha. Kaka yake Melkiadi alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita kwa saratani ya tezi dume. Alianza kwa kwenda haja ndogo mara kwa mara, akaficha. Mgongo ukamuuma, akasema ni jembe. Alipokubali kupelekwa hospitali, hakuweza tena kusimama, na daktari aliuliza kwa upole tu kwa nini walichelewa. Siku ya maziko wazee walitikisa vichwa wakasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Melkiadi naye alitikisa chake. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa akiamka mara tano kabla ya jogoo kuwika, na mkojo wenyewe ukitoka kwa kusitasita, kama mvua inayofikiri kama inyeshe au isinyeshe. Hakumwambia mtu. Aliamini kwamba Vestina, mke wake kwa miaka thelathini na tisa, nyakati zote hizo huwa amelala. Mwanamume huamini mambo mengi kuhusu mke aliyelala.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, maharage yakiwa yamekwisha kupurwa, Vestina alimwekea uji mbele yake akaketi mkabala naye. Jambo hilo peke yake lilikuwa ishara mbaya, kwa kuwa Vestina haketi asubuhi.

"Baba Elie," alianza, "rafiki yako Niyibizi hali yake si nzuri."

"Ana nini? Jana nimemwona amebeba gunia la mihogo."

"Ni mambo ya kiume. Tezi. Immakulata amenieleza kwa siri, huku anafuta machozi. Umesikia tangazo la kanisani, kwamba daktari bingwa atakuwapo Kasulu wiki ijayo? Immakulata anataka mumewe aende. Lakini Niyibizi anaogopa hata kulitaja jina la ugonjwa."

"Mtu mzima anamwogopa daktari!" alisema Melkiadi, akainamia uji wake.

"Ndivyo binadamu walivyo. Sasa anahitaji umurwaza, na hawezi kukuomba kwa sababu ya haya. Mwambie una safari ya Kasulu, umwombe mwongozane. Lakini usimwonyeshe kwamba unajua. Ukimwonyesha tu, atakataa safari. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Apa."

Melkiadi akaapa. Moyoni alihisi nafuu ya ajabu, nafuu ya mtu aliyetegemea kuitwa ubaoni, akasikia linaitwa jina la jirani yake.

Ni vyema ieleweke kwamba huko Mabamba mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awe na umurwaza, yaani mtu wa kumsindikiza: ndiye ambebeaye mkeka na sufuria, ndiye amsemeaye kwa daktari pale ulimi wake unapokwama, ndiye amrudishaye nyumbani. Kazi hiyo ni ya heshima, nayo ina sheria moja tu. Umurwaza harudi akamwacha mgonjwa wake. Wapo watu waliosamehewa wizi wa mbuzi, lakini hajapata kusamehewa mtu aliyefanya hilo.

Jioni ile Immakulata alifika hadi uani. Aliinama, akapiga makofi ya taratibu ya salamu, akauliza habari za nyumba, za watoto, za mbuzi na za mizinga, kila moja kwa zamu yake, kama inavyompasa mwanamke aliyelelewa. Ndipo akasema, "Baba Elie, nakukabidhi mume wangu. Usirudi naye kabla hajapimwa."

"Shemeji," alijibu Melkiadi, akiweka mkono kifuani, "nitarudi naye akiwa amepimwa, ama mimi nami hutaniona."

Vestina, aliyekuwa akipepeta maharage karibu nao, alikohoa. Pengine ni vumbi.

*

Niyibizi alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, na sasa alikuwa na uraia, shamba la mihogo, na ubishi uliokamilika wa Kitanzania. Yeye na Melkiadi walifuga nyuki pamoja. Niyibizi alifukiza moshi, Melkiadi alitia mkono, na katika miaka ishirini walikuwa hawajakubaliana hata mara moja juu ya upande unaotoka upepo.

Safari hii, lakini, alikuwa mpole kupita kiasi. Melkiadi alipomwambia, "Nina shughuli Kasulu, twende ukamwone binti yako Arielle," hakubisha hata neno. Waliendesha baiskeli zao kutoka Mabamba hadi Kibondo, na kwenye kila kilima Niyibizi alishuka na kusema, "Tukokote, kaka. Tusijichoshe." Melkiadi alimtazama kwa huruma akawaza: maskini, ameishiwa nguvu. Kesho yake, baada ya kuziacha baiskeli kwa mtu wanayefahamiana naye, walipanda basi la Kasulu, na hapo wakakaribia kugombana. Melkiadi alitaka kumbebea Niyibizi begi lake. Niyibizi alitaka kumbebea Melkiadi lake.

"Lete, ndugu yangu. Wewe pumzika."

"Nipumzike mimi? Lete wewe!"

"Nimesema lete!"

"Wazee," kondakta akawaambia, "kila mmoja akibeba lake, tutaondoka leo."

Mwishowe kila mmoja alibeba begi la mwenzake. Ndani ya basi walishindana kuachiana kiti cha dirishani, hata mama mmoja mwenye dumu la mawese akakikalia yeye.

Hospitalini walipokewa na muuguzi aliyeitwa Claudine, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alifungua daftari, akalamba ncha ya kidole, akapindua ukurasa.

"Karibuni, wazee wangu. Mgonjwa ni nani?"

Melkiadi alimnyooshea mkono Niyibizi. Wakati uleule Niyibizi alimnyooshea mkono Melkiadi.

Claudine alivaa miwani yake. "Nimeuliza, mgonjwa ni nani?"

"Huyu," walijibu kwa pamoja.

Maskini, alifikiri Melkiadi, aibu imemzidi hata ananisingizia mimi. Akamkonyezea muuguzi jicho, kumaanisha: elewa, mama, usimuumbue. Alipogeuka, akamwona Niyibizi naye anakonyeza, na jicho lake halikuwa na ustadi wowote.

"Mnanikonyeza nyote wawili," alisema Claudine. "Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Nimeletewa wagonjwa wasio na wasindikizaji. Leo ndiyo mara ya kwanza kuletewa wasindikizaji wawili, mgonjwa hayupo." Akashika kalamu. "Haya. Wewe mzee, umri?"

"Sitini na mitatu. Lakini mimi ni..."

"Wewe?"

"Hamsini na mitano. Ila mimi nime..."

"Wote mmepita hamsini, wote mtapimwa. Kwenu kuna aliyewahi kuugua tezi dume?"

"Sista, mimi ni msindikizaji tu," alisema Melkiadi.

"Nimeuliza kwenu, sikuuliza kwako."

Melkiadi alitazama sakafu. "Kaka yangu. Tumbo moja."

"Anaendeleaje?"

"Tumemzika."

Claudine aliiweka kalamu chini. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na wewe, baba, unaamka mara ngapi kukojoa?"

Hapo Melkiadi angeweza kusema mara tano. Neno lilifika kwenye meno. Lakini Niyibizi alikuwa amesimama pembeni, masikio yake yamesimama kama ya sungura, na Melkiadi akasema, "Mara moja. Nikinywa chai."

"Hm," alisema Claudine, na alichoandika kilikuwa kirefu kuliko hicho. "Swali la mwisho. Siku mbili hizi mmepanda baiskeli?"

"Jana," walijibu wote. "Kutoka Mabamba."

"Mabamba hadi Kibondo, juu ya kile kiti kigumu? Basi leo damu sichukui. Baiskeli huisumbua tezi, na damu inaweza kutudanganya. Rudini keshokutwa, saa mbili asubuhi. Mtembee kwa miguu. Na kwa siku hizo mbili..." Aliwatazama juu ya miwani. "Wake zenu wako wapi?"

"Mabamba."

"Vizuri. Wabaki hukohuko."

Walitoka mle ndani wamechangamka, mithili ya wanafunzi walioambiwa kwamba mwalimu wa hesabu hakuja.

*

Arielle, binti wa Niyibizi, alikuwa ameolewa Kasulu na alikuwa na mkahawa mdogo karibu na soko. Aliwapokea kwa furaha, akawapikia ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na samaki wakavu, migebuka. Sahani ya Melkiadi, hata hivyo, ilikuja na uji mwembamba usio na chumvi.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Chakula chako, baba mkubwa. Baba amenieleza hali yako. Pole sana. Utapona, Mungu yupo."

Melkiadi alimtazama Niyibizi. Niyibizi alikuwa ameinamia mgebuka wake kwa bidii kubwa. Nimeapa, alijikumbusha Melkiadi. Nisimwonyeshe kwamba najua. Akanywa uji. Kesho yake mchana aliletewa uji mwingine, na usiku akaletewa godoro zuri huku Niyibizi akilala mkekani, na kila alipotoka uani Arielle alisema, "Taratibu, baba mkubwa." Hajapata mtu kuuguzwa vizuri namna ile kwa ugonjwa wa mwenzake.

Alipokuwa amejilaza kwenye lile godoro, hata hivyo, aliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa. Muuguzi yule hatakubali kudanganywa. Watamwita kwa jina lake. Watatoa damu yake, halafu kidole, halafu daktari ataketi mkabala naye kama Vestina alivyoketi na ule uji, na ataambiwa kile alichoambiwa kaka yake. Asipokwenda, hataambiwa. Kabla ya kupambazuka alikuwa amekata shauri: basi la kwanza la Kibondo huondoka saa kumi na mbili. Niyibizi alikuwa na binti yake wa kumpeleka hospitali. Na huyo si umurwaza?

Aliamka akauona mkeka wa Niyibizi mtupu. Amekwenda kusali, alidhani. Akachukua begi, akatoka kimyakimya.

Stendi ya Kasulu asubuhi ile ilikuwa na ukungu, na wauza chai walikuwa wakipuliza mikaa. Melkiadi alikata tikiti, akatafuta mahali pa kujibanza mpaka basi liwashwe. Nyuma ya rundo la magunia ya vitunguu palikuwa pazuri. Alipozunguka rundo hilo, alikuta pamekwisha kukaliwa.

Niyibizi alikuwa amechutama hapo, begi mapajani, tikiti mkononi.

Walitazamana.

"Nimekuja kuulizia bei ya vitunguu," alisema Niyibizi.

"Na mimi."

"Vitunguu vya Kasulu vizuri."

"Vizuri sana."

"Hiyo ni tikiti?"

"Hiyo yako je?"

Mwenye magunia, kijana aliyejifunga leso kichwani, akawaambia, "Wazee, kama ni vitunguu niambieni nipime. Kama mnawakimbia polisi, hapa sitaki."

Melkiadi aliketi kwenye gunia. Hasira zikampanda, na kiapo alichoapa kikateleza kikaanguka. "Niyibizi, wewe mtu gani? Nimekuleta kutoka Mabamba! Nimekunywa uji usio na chumvi kwa ajili yako! Mkeo amelia machozi nyumbani kwangu kwa ajili ya hiyo tezi yako, nami nimempa neno langu, halafu unatoroka?"

"Tezi yangu?" Niyibizi alisimama. "Mkeo Vestina ndiye aliyelia kwangu! Alisema Melkiadi anaumwa kama kaka yake, anaogopa, mpeleke Kasulu, lakini usimwonyeshe kwamba unajua. Akaniapisha kwa Biblia!"

"Vestina?"

"Ego, ndiyo! Na mimi nikamwambia: dada, nitarudi naye akiwa amepimwa, ama mimi nami hutaniona."

 Melkiadi aliiona tena ile jioni ya uani, Immakulata akiulizia hata habari za mbuzi, na Vestina akikohoa kwa vumbi la maharage yaliyokwisha kupepetwa tangu asubuhi.

"Wametufuga," alisema polepole.

"Kama nyuki," alisema Niyibizi. "Wametufukiza moshi, tukaingia mzingani wenyewe."

Niyibizi alianza kucheka, Melkiadi akafuatia, wakacheka hadi kijana wa vitunguu akacheka bila kujua sababu. Kisha kicheko cha Melkiadi kikakoma ghafula. Ni Vestina aliyemuuguza marehemu kaka yake kwa miezi minane. Ni yeye aliyemgeuza kitandani, akamfulia, akamshika mkono siku ya mwisho kwa kuwa wanaume wa ukoo walikuwa wamesimama nje wakizungumzia mvua. Mwanamke yule alizijua dalili moja baada ya nyingine. Naye amelala kando ya mume wake mwaka mzima, macho wazi gizani, akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Naamka mara tano," alisema Melkiadi.

Niyibizi hakucheka. "Mimi mara tatu. Na panauma."

"Naogopa, Niyibizi. Siogopi hata kile kidole. Naogopa kuambiwa."

"Mimi naogopa vyote viwili, kwa sababu mimi ni mtu wa kweli."

Basi la Kibondo liliwashwa. Kondakta alianza kuita. Wazee wawili walizitazama tikiti zao.

"Tukipanda," alisema Niyibizi, "mimi nitafika kwa Vestina niseme nini? Kwamba nimemwacha mgonjwa wake?"

"Panda wewe, mimi nibaki."

"Halafu Immakulata akuulize mgonjwa wake yuko wapi, umwambie alitoroka mbele ya macho yako, ukiwa umekaa juu ya vitunguu?"

Melkiadi alikuna kidevu. Hapakuwa na njia. Kama angekuwa amekuja kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, angeweza kupanda basi lile bila kumwomba mtu msamaha, kwa kuwa mwili ni wake. Lakini alikuwa amekabidhiwa mwili wa mwenzake, kwa mkono kifuani, na mwenzake alikuwa amekabidhiwa wake. Mabamba nzima ingejua kabla ya Jumapili.

"Sikiliza," alisema akisimama. "Mimi siendi kupimwa. Mimi nakupeleka wewe."

"Vizuri. Na mimi siendi. Nakupeleka wewe."

"Ukikimbia, nitakukamata."

"Nani amkamate nani, na hayo magoti yako?"

Waliziuza tikiti zao kwa hasara, wakaondoka stendi kwa miguu, kila mmoja ameushika mkono wa nguo ya mwenzake.

*

"Mgonjwa ni nani?" aliuliza Claudine, na safari hii alikuwa tayari anatabasamu.

"Mimi," walisema wote wawili, na Melkiadi akaongeza, "Na lile jibu la chai, Sista, lifute. Andika tano."

Damu ilichukuliwa kwanza. Kisha Melkiadi akaitwa ndani kwa Daktari Abdulrahmani, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya mtu anayesoma hadithi kwa watoto. Melkiadi alimtazama kwanza mikononi. Vilikuwa vidole vya kawaida kabisa, vifupi, kucha zimekatwa vizuri. Alitamani kumtafuta yule mfanyabiashara wa kilabuni amrudishe darasani.

"Mzee wangu, una wasiwasi?"

"Naogopa, Daktari," alisema Melkiadi. Neno lilikuwa limekwisha kutoka mara moja stendi, na mara ya pili lilitoka lenyewe, bila kusukumwa.

"Asante kwa kuniambia. Wengi huniambia kwamba wana haraka. Lala kwa ubavu, kunja magoti, pumua."

Melkiadi alifumba macho akaanza kusali Baba Yetu. Hakuwa amefika hata kwenye mkate wa kila siku.

"Tumemaliza," alisema Daktari.

"Tumemaliza nini?"

"Tumemaliza kupima. Vaa, baba."

Melkiadi aliketi, akamtazama daktari kwa mashaka ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwa bei rahisi mno. Mwaka mzima! Mwaka mzima wa kuamka na jasho, kwa jambo lisilomaliza hata nusu ya sala! Haikuwa raha, asingesema ilikuwa raha. Lakini nyuki mmoja wa Mabamba alikuwa amewahi kumkosea adabu kuliko hivyo. Alitoka nje, akampita Niyibizi mlangoni, akamwambia kwa uso mzito, "Jikaze sana, ndugu yangu. Usali rozari nzima." Hakuweza kujizuia.

Dakika mbili baadaye alisikia kutoka ndani, "Kumbe! Mwongo mkubwa yule!"

Majibu ya damu yalitoka saa tisa alasiri. Wakaomba wasikilize pamoja, na Daktari akakubali.

"Mzee Melkiadi, tezi yako imekua, kama inavyokua kwa wazee wengi. Ni laini, na damu yako haionyeshi dalili ya saratani. Nitakupa dawa, utalala vizuri zaidi. Lakini kwa ajili ya kaka yako, uje kupimwa kila mwaka. Tumeelewana?"

Melkiadi aliitikia kwa kichwa.

"Mzee Niyibizi, kipimo chako kimepanda kidogo. Hiyo haina maana kwamba ni saratani. Maambukizi nayo hukipandisha, na wewe umesema unaumwa ukikojoa. Utatumia dawa, urudi baada ya wiki sita tupime tena. Kikibaki juu, tutachukua vipande vidogo vya tezi tuvichunguze. Umekuja mapema. Hata ikiwa ndiyo, kuna mengi ya kufanya."

Nje, kwenye benchi la hospitali, furaha ya Melkiadi ilikuwa imekaa kifuani haijui pa kwenda. Alikunja uso kwa heshima.

"Wewe," alisema Niyibizi. "Cheka."

"Nitachekaje?"

"Cheka, nakuambia! Ukininunia hivyo nitadhani nimekwisha kufa. Mimi nina dawa mfukoni na tarehe ya kurudi. Leo asubuhi nilikuwa na maumivu na vitunguu." Alimpiga Melkiadi begani. "Piga simu. Wanangoja wale mahakimu."

Simu ya Vestina haikuita hata mara mbili.

"Ehe?" alisema.

Melkiadi aliishika simu mbali kidogo akaitazama. Katika miaka thelathini na tisa hakuwahi kumsikia mke wake akiruka salamu. Vestina aliulizia hali ya mtu hata kwenye nyumba iliyoungua.

"Mama Elie, habari za huko? Mbuzi hawajambo? Majirani wameshindaje?"

"Melkiadi, nitakuja Kasulu kwa miguu nikupige!"

"Nimepimwa," alisema. "Sina saratani. Ni tezi kubwa tu ya uzee, wamenipa dawa." Halafu akasema polepole, "Unaweza kulala sasa, mama. Usinihesabie tena."

Alimsikia akivuta pumzi ndefu. Akasikia kishindo cha kitu kilichowekwa chini, pengine ungo, pengine mwenyewe. Kisha sauti ya Immakulata ikaja juu, ikiuliza, ikinyang'anya simu, na Melkiadi akaikabidhi ya kwake kwa Niyibizi.

Niyibizi alijinyoosha. Alimweleza mkewe yote, kipimo kilichopanda, dawa, wiki sita, na vile vipande, bila kuficha wala kupamba. Alipofika mwisho, sauti yake ikatetemeka kidogo, akaiacha itetemeke.

"Tunarudi lini huko?" aliuliza Immakulata. Simu ilikuwa ya kelele, na benchi zima lilimsikia.

"Nimekwambia, baada ya wiki sita. Tarehe tano mwezi wa tisa."

"Ijumaa hiyo. Vizuri, nitakuwa nimekwisha kuanika mihogo. Tutakwenda sote wanne."

"Wanne? Kuna haja gani ya..."

"Niyibizi."

"Ndiyo, mama."

"Umekula?"

Niyibizi alimtazama Melkiadi, na Melkiadi akainuka, akayachukua mabegi yote mawili, akaanza kuelekea kwa Arielle kudai mgebuka wake.